Tandiko na blanketi la farasi kwa baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Jaribu tandiko bila kitambaa chini yake. Liweke mbele kidogo, kisha lisogeze nyuma kufuata ulalo wa manyoya mpaka litulie nyuma ya mfupa wa bega. Mpandaji akikaa, vidole viwili au vitatu vipite juu ya kinundu cha mabega. Nyuma lisivuke ubavu wa mwisho. Kiuno hakina mbavu za kubeba uzito. Ukilivua baada ya safari, soma jasho: kiraka kikavu upande mmoja wa mgongo uliolowa mara nyingi ni mahali panapobanwa. Usingoje manyoya meupe yaote hapo.

Asubuhi ya baridi, pasha lijamu kwa viganja kabla ya kumtia mdomoni.

Kuanzia Juni hadi Agosti, Makete, Njombe na Mufindi hupata baridi ya kugandisha umande. Hata hivyo farasi mzima, mwenye manyoya mazito na nyasi kavu za kutosha, huivumilia. Tafadhali usimvike kwa huruma tu. Kinachomtesa ni mvua ikiambatana na upepo. Mzee, aliyekonda au aliyenyolewa ndiye wa kuvikwa.

Pima kutoka katikati ya kifua, kupitia ubavuni, hadi ukingo wa mkia. Chagua blanketi lisilopenya maji lakini linalopitisha mvuke wa jasho. La kitandani halifai: likilowa, humpoza kuliko kukaa bila kitu. Kila siku livue, ukague mabega kama yamechubuka. Ukiingiza mkono ukakuta unyevu wa jasho, ni zito mno.