Kuzunguka Erice kwa miguu

Mji huu wa Sicily, kisiwa cha Italia, uko mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari. Panda kwa gari la kamba kutoka mji wa Trapani ulio chini, ila upepo ukizidi husimamishwa, hivyo ulizia mapema saa za basi. Ingilia Porta Trapani, lango la mji. Hatua chache mbele kuna Kanisa Kuu la karne ya 14, lililojengwa kwa mawe ya hekalu la Venus, mungu wa kike wa Warumi. Mnara wake, uliosimama kando, ulikuwa wa ulinzi. Usikose kuuona ukuta wa kale wa mji: mawe makubwa ya chini ndiyo ya zamani zaidi. Ngome ya Wanormani (watawala wa zamani wa Sicily waliotoka Ufaransa), ukingoni mwa jabali, iache mwisho. Viatu viwe vya kushika ardhi vizuri, maana ukungu ukitanda mawe ya njiani huteleza, na mandhari yote hupotea.