Mota ya waipa ya Lucas: kuifungua, kuitengeneza na kujua lini ibadilishwe

Waipa za gari la spoti la Kiingereza la zamani zikianza kujikokota, wengi hukimbilia kununua mota mpya. Subiri kwanza. Kwenye MGA, MGB na gari nyingi za Triumph TR, mota haizungushi mikono ya waipa moja kwa moja. Inavuta na kusukuma kebo yenye meno ndani ya bomba jembamba la chuma, na kebo hiyo ndiyo inayogeuza gia ndogo iliyo chini ya kila mkono. Grisi iliyotiwa humo miaka mingi iliyopita huwa imekauka na kugeuka kama nta. Funga mota mpya kwenye kebo ya namna hiyo, na hiyo mpya nayo itachemka. (Jaguar E-Type ya mwanzo, ile ya waipa tatu, inatumia fito badala ya kebo, kwa hiyo maelezo ya kebo hayaihusu.)

Kwa Lucas, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, utakutana hasa na mota mbili. DR3A ni ya mwendo mmoja, sumaku yake ni ya koili, na juu ya mfuniko wa gia ina kifuniko cha duara kinachobeba swichi ya kuegesha, yaani ya kusimamisha waipa mahali pake pa kupumzikia. 14W ilikuja baadaye: ina miendo miwili, sumaku ya kudumu na kaboni tatu (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka). Tofauti hii ni muhimu unapobadilisha athi ya gari (upande wa betri uliofungwa kwenye bodi) kutoka chanya kwenda hasi. DR3A itaendelea kuzunguka upande uleule, kwa sababu mwelekeo wa umeme kwenye koili ya sumaku na kwenye amecha (sehemu ya mota inayozunguka) unageuka pamoja. 14W itazunguka kinyume, maana sumaku yake haigeuki.

Kabla ya kugusa spana, pima volti kwenye plagi ya mota waipa zikiwa zinafanya kazi, kati ya waya wa moto na waya wa athi wa mota yenyewe. Ikipungua zaidi ya nusu volti ukilinganisha na betri, tatizo lako liko kwenye swichi, fyuzi, viungio vya waya au athi. Athi ndiyo mkosaji wa mara kwa mara, hasa gari likiwa limepakwa rangi upya na rangi ikaingia chini ya bolti ya waya.

Volti zikiwa sawa, toa waya wa betri, kisha ng'oa mikono yote ya waipa. Usiache hata mmoja, kwa sababu kebo ikitoka inazungusha gia za mikono, na mkono uliobaki utakwaruza rangi ya boneti. Chomoa plagi, legeza nati kubwa inayoshika bomba kwenye nyumba ya gia, fungua bolti za mota, halafu vuta mota taratibu. Kebo itatoka pamoja nayo.

Fungua mfuniko wa gia, toa klipu ya mkono wa kuunganisha na uinue kebo na kichwa chake. Andika wosha ipi ilikaa wapi, au piga picha. Osha kebo kwa mafuta ya taa, na bomba lipitishie kitambaa kilicholowa mafuta hayo kwa waya mpaka kitoke safi. Paka grisi ya lithiamu, rudisha kebo peke yake na uivute kwa mizani ya kuning'iniza: bila mikono ya waipa, isihitaji zaidi ya kilo 2.7. Ikizidi hapo, tafuta bomba lililopindika au kubonyea, au gia ya mkono iliyokwama kwenye bushi yake.

Gia za mikono zikichakaa, waipa hucheza mwisho wa kila mfagio na kugonga fremu ya kioo. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa vipuri hawalitangazi: gia hiyo hutumia sehemu tu ya meno yake. Fungua bamba la nyuma, igeuze nyuzi 180, na meno ambayo hayajawahi kufanya kazi yatashika zamu.

Sasa ijaribu mota ya 14W bila kebo, kwa betri iliyojaa. Baada ya kama dakika moja, mwendo wa kawaida uwe mizunguko 46 hadi 52 kwa dakika kwenye gia kubwa, ikila kama ampea 1.5. Mwendo wa kasi uwe mizunguko 60 hadi 70, kwa kama ampea 2. Ikila umeme mwingi na kuzunguka polepole, shafti imebanwa au amecha ina kasoro. Ikila kidogo na bado ikawa nzito, angalia kaboni na komyuteta (pete ya vipande vya shaba ambayo kaboni huigusa).

Kuifungua 14W, kwanza tafuta mshale kwenye gamba la mota na alama yake kwenye nyumba ya gia. Kama hauonekani, chora wako kwa kitu chenye ncha. Gamba likirudishwa limegeuzwa nusu mzunguko, mota itazunguka kinyume. Toa bolti mbili ndefu na uvute gamba pamoja na amecha, mbali na unga wowote wa chuma, kwa sababu sumaku itaukusanya wote na kuutoa ni kazi ya jioni nzima. Kaboni kuu mbili zikifupika hadi milimita 4.8, badilisha seti nzima na bamba lake. Ile ya tatu, ya mwendo wa kasi, ina ncha nyembamba, na ncha hiyo ikiisha kaboni imekwisha hata kama bado inaonekana ndefu.

Safisha komyuteta kwa msasa laini wa kioo. Usitumie msasa mweusi wa chuma, chembe zake hubaki kati ya vipande vya shaba. Kwangua mifereji kwa kijiti. Bushi za shafti zinakunywa mafuta, hivyo zitie oili nyepesi ya injini ya SAE 20, siyo grisi. Shafti ikirudi, iache nafasi ya kwenda mbele na nyuma ya milimita 0.05 hadi 0.2. Penye skrubu ya kurekebisha, kaza mpaka iguse, rudisha robo mzunguko, kisha funga nati yake.

Waipa zikisimama popote badala ya kuegesha, shida iko kwenye swichi ya ndani. Kwenye 14W swichi hiyo huendelea kulisha mota mpaka gia ifike mahali pake, kisha huunganisha kaboni kwa pamoja ili mota ijifunge breki. Kontakti chafu huua kazi zote mbili. Kwenye DR3A, legeza skrubu nne za mfuniko na ugeuze kile kifuniko cha duara kidogokidogo hadi waipa zilale zinapotakiwa.

Mota inastahili kubadilishwa amecha ikiwa imeungua (harufu na rangi nyeusi ya waya vitakuambia) au sumaku ikiwa imepasuka. Ukinunua nyingine, soma nyuzi (digrii) zilizogongwa kwenye gia kubwa, kama 105 au 115, kwa sababu ndizo zinazoamua upana wa mfagio. Mota inaweza kufanana kabisa kwa nje na bado ikagongesha waipa kwenye fremu, au ikaziegesha upande wa pili wa kioo. Mara nyingi suluhisho ni kuhamisha gia yako ya zamani kwenye mota mpya.

Mikono ya waipa irudishwe mwisho, mota ikiwa imeshajiegesha yenyewe, na kioo kikiwa kimelowa.