Kusafisha udongo uliomwagikiwa dizeli kwa tuta la hewa

Udongo uliomwagikiwa dizeli kwa kawaida tayari una bakteria wanaoila. Wanachokosa ni hewa, unyevu na naitrojeni. Kwa hiyo fedha za kununulia chupa za bakteria afadhali ziende kwenye kipimo cha oksijeni. Tuta la hewa ni udongo uliochimbwa na kurundikwa juu ya nailoni nzito, ukapitishiwa mabomba, hewa ikavutwa ndani yake taratibu kwa miezi 3 hadi 6.

Pima kabla ya kukodi mashine ya kuchimba. Sampuli ziwekwe kwenye chupa za kioo, zijazwe hadi mdomoni pasibaki nafasi ya hewa, kisha zisafirishwe ndani ya barafu. Sampuli iliyoshinda juani kwenye mfuko wa plastiki hupoteza mafuta mepesi, na maabara itakupa namba nzuri ya uongo. Omba vipimo vya jumla ya hidrokaboni (kemikali zinazounda mafuta kama dizeli), pH (kiwango cha asidi), naitrojeni, fosforasi na metali nzito. Hidrokaboni zikizidi 50,000 mg/kg bakteria hulemewa. Changanya na udongo wa shimo hilohilo ulioathirika kidogo. pH iwe kati ya 6 na 8, na udongo wenye asidi utiwe chokaa. Metali haziliwi na kiumbe chochote: zikizidi 2,500 mg/kg huwaua bakteria wenyewe, na hata zikiwa chini ya hapo, tuta litamaliza dizeli na kuiacha metali ya risasi ilivyokuwa.

Sasa hesabu ya mbolea. Chukua mita za ujazo 100 za udongo, karibu tani 160, zenye hidrokaboni 5,000 mg/kg. Hizo ni kilo 800 za mafuta, na takriban kilo 680 kati yake ni kaboni. Kwa uwiano unaowafaa bakteria, wa kaboni 100, naitrojeni 5 na fosforasi 1, unahitaji kilo 34 za naitrojeni na karibu kilo 7 za fosforasi. Kilo 34 za mbolea ya DAP zinatoa fosforasi yote na kilo 6 za naitrojeni. Kilo 61 za urea zinajazia iliyobaki. Toa kwanza kile ambacho maabara imekikuta tayari kwenye udongo. Usimwage yote siku moja: mbolea ikizidi, maji ya udongo huwa na chumvi kali na bakteria hukauka kama mboga iliyotiwa chumvi. Tia nusu wakati wa kujenga, nusu nyingine iyeyushe kwenye maji ya kumwagilia baada ya wiki 6.

Hewa nayo ina hesabu yake, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kilo 1 ya mafuta hula karibu kilo 3.5 za oksijeni ili iishe kabisa. Kilo 800 zinataka kilo 2,800 za oksijeni, yaani kama mita za ujazo 10,000 za hewa. Ukiigawa kwa siku 120 unapata mita za ujazo 83 kwa siku. Hata ukiizidisha mara 5 kwa sababu si oksijeni yote itatumika, bado ni chini ya mita za ujazo 18 kwa saa. Blowa ndogo, yaani mashine ya kuvuta au kusukuma hewa, inatosha. Blowa kubwa hukausha tuta ndani ya wiki chache na kusukuma mafuta angani kabla hayajaliwa.

Kwa ujazo huo, tayarisha kitako cha mita 16 kwa 6, chenye mteremko wa asilimia 1 hadi 2 kuelekea kidimbwi cha kukusanyia maji machafu. Tandika mchanga, juu yake nailoni nzito isiyo na tundu, na kingo za sentimita 30 kuzunguka. Udongo wa mfinyanzi uvunjwe na kuchanganywa na maranda, asilimia 10 hadi 15 ya ujazo. Bonge kubwa kuliko ngumi halipitishi hewa, na katikati yake utakuta dizeli mbichi miezi sita baadaye. Laza mabomba mawili ya PVC ya milimita 50 kwa urefu wa tuta, umbali wa mita 2 kati yake, ndani ya kokoto. Toboa matundu ya milimita 6 kila sentimita 15, lakini mita 2 za kila mwisho ziachwe bila tundu. Matundu yakifika ukingoni, blowa itavuta hewa ya nje tu na katikati patabaki pamefungwa. Panga udongo hadi mita 2 bila kuukanyaga kwa mashine, kisha funika kwa turubai.

Vuta hewa badala ya kuisukuma, angalau mwezi wa kwanza, ili mvuke wa mafuta upite kwenye mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa kunasa mvuke. Weka pipa la kunasa maji kabla ya blowa. Mota iwe ya aina isiyotoa cheche, hasa palipo na petroli, ambayo sehemu yake kubwa huruka tu. Bila mkaa umeihamisha kutoka ardhini kwenda puani.

Unyevu pima kwa mkono. Finya udongo: ukishikamana bila kutoa maji katikati ya vidole, ni sawa. Ukitiririka, maji yameziba nafasi za hewa.

Kipimo kinachosema ukweli ni cha kupumua kwa tuta. Wakati wa kujenga, zika vijibomba vyembamba katika kina tofauti. Kila wiki mbili zima blowa, soma oksijeni papo hapo, kisha baada ya saa 4, 8 na 24. Ikishuka kutoka asilimia 20 hadi 10 kwa siku, bakteria wamo kazini. Ikiwa chini ya asilimia 5 hata blowa inapofanya kazi, ongeza hewa. Isiposhuka kabisa, usishangilie: huenda mafuta yamekwisha, au tuta limekauka, au naitrojeni imeisha. Mwagilia, subiri siku 3, rudia. Ikianza kushuka, shida ilikuwa maji.

Shimo lililobaki lisifukiwe kabla ya kupima kuta na sakafu yake. Mafuta yanayoelea juu ya maji ya chini ya ardhi yachotwe kwanza. Kama kilichovuja ni viyeyushi vyenye klorini (kama vile vya kuondolea grisi) badala ya dizeli, hewa haitasaidia sana. Hapo hutumika ukuta wa chembe za chuma uliozikwa mbele ya mkondo wa maji, njia iliyojaribiwa uwanjani Borden, Kanada, mwaka 1991. Unene wake hutokana na mwendo wa maji: yakienda mita 0.2 kwa siku na yakihitaji siku 3 kugusana na chuma, ukuta ni mita 0.6, kisha unaongeza kidogo.

Hidrokaboni hushuka haraka miezi ya mwanzo, baadaye polepole. Zile nzito hubaki nyuma. Sampuli za mwisho zichimbwe ndani ya tuta, sehemu 6 au zaidi, wala zisikwanguliwe juu, ambako jua na upepo vimefanya kazi yao. Chukua moja kwenye ukingo wa chini karibu na kidimbwi. Hapo maji hutuama na hewa hufika mwisho. Pakikutwa pana mafuta, pachotwe peke yake, paongezewe maranda na kuingia kwenye tuta linalofuata.