Herufi moja ilimeza krediti zangu 39: kwa watu wazima wanaohamia chuo kikuu Texas

Barua pepe ya chuo kikuu, ya tathmini ya krediti zangu (yaani hesabu ya uzito wa kozi nilizokwisha kusoma), niliifungua saa moja asubuhi, nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Houston, hata viatu sijavua. Krediti nilizowasilisha: 60. Zilizokubaliwa kwenye shahada ya uhasibu: 21. Niliisoma mara tatu nikiamini wamenichanganya na mwanafunzi mwingine. Hawakuwa wamenichanganya. Miaka mitatu ya kusoma chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, nikilala saa nne kwa siku, ilikuwa imebaki muhula mmoja na kipande.

Nina miaka 46 sasa na bado nasoma. Naandika kwa ajili yenu mliokuja kwa bahati nasibu ya viza, au kwa kufuata mume au mke, mkafanya kazi miaka kumi, na sasa mnataka kurudi darasani. Huu si mwongozo wa kijana aliyetoka form six juzi. Kijana akipoteza miaka mitatu anayo mingine.

Nianze na mtego wenyewe, maana mengine yote ni makaratasi. Vyuo vya jamii vya Texas vinafundisha kozi za aina mbili chini ya paa moja. Kuna za kitaaluma, zilizotengenezwa ili mwanafunzi azibebe kwenda chuo kikuu. Na kuna za kazi, zilizotengenezwa ili umalize, uajiriwe, basi. Jengo laweza kuwa hilo hilo, mwalimu huyo huyo, ada hiyo hiyo, na jina la kozi linakaribiana kabisa. Tofauti iko kwenye herufi nne zilizo mbele ya namba. Uhasibu wa kitaaluma unaandikwa ACCT: ACCT 2301, ACCT 2302. Uhasibu wa kazi unaandikwa ACNT: ACNT 1303 na wenzake. N badala ya C. Mimi nilisoma ACNT tangu muhula wa kwanza mpaka wa mwisho, nikapata A karibu zote, na chuo kikuu hakikuwa na mahali pa kuziweka.

ACNT si peke yake. Ukiona BMGT, BUSG, POFT au ITSW kwenye ratiba yako, simama kwanza. Hizo nazo ni za kazi. ENGL 1301, HIST 1301, GOVT 2305, ECON 2301, MATH 1324, hizo ni za kitaaluma na ndizo zilizoniokoa. Namba nazo zina maana yake, tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo na ya pili ni idadi ya krediti, lakini namba haikuambii kama kozi inahama. Herufi ndizo zinazokuambia. Tafadhali, angalia herufi kabla ya kujisajili, kila muhula, hata kama aliyekupangia ratiba ni mtu wa ofisi.

Cheti cha miaka miwili chenyewe kina sura zaidi ya moja. AA na AS vimejengwa kwa kuhama. AAS kimejengwa kwa kazi. Nilikuwa na AAS. Nilidhani hiyo A iliyozidi ni nyongeza ya sifa.

Mtaniuliza, hukuuliza mtu? Niliuliza. Nilikwenda kwa mshauri wa masomo muhula wa pili nikamuuliza, je, krediti hizi zinahamishika? Akatabasamu, akasema ndiyo, zinahamishika. Hakunidanganya. Texas kuna shahada inayoitwa BAAS ambayo vyuo vikuu vinapokea humo kozi nyingi za kazi, na kwa mtu anayetaka kupandishwa cheo alipo ni njia nzuri, msiidharau. Lakini mimi nilitaka uhasibu, na idara ya uhasibu ina masharti yake. Hata kozi ya uhasibu wa kati niliyoisoma, chuo kikuu kinaihesabu kuwa ya mwaka wa tatu, lazima uisome kwao. Kwa hiyo shikeni hili: kupokelewa si kuhesabiwa. Chuo kinaweza kupokea krediti zako zote 60, kikaziweka kwenye kapu la masomo ya hiari, na ukabaki na masomo yale yale ya kusoma kama mtu aliyeanza leo. Kupokelewa si kuhesabiwa. Nitalirudia tena chini.

Nimefikiri sana kuhusu yule mshauri. Nyumbani, mtu wa dirishani kwenye ofisi ya msajili atakufokea, atakuuliza kama hukusoma tangazo ubaoni, lakini akimwona mama mtu mzima anapotea atamwambia, "Mama, hii siyo, rudi kule." Hapa adabu ya kazi ni kujibu swali lililoulizwa, kwa upole, na kuishia hapo. Kumwingilia mtu mzima katika mipango yake wanaona ni kumvunjia heshima. Sisi tumelelewa kuamini kwamba anayejua njia ana wajibu wa kumwambia asiyejua, hata kama hakuulizwa, na tunakuja hapa tukisubiri kuambiwa. Hakuna atakayekuambia. Na lile tabasamu msilisome kama jibu.

Niseme na upande wao mzuri, maana ni haki. Sijawahi kuchekwa kwa umri wangu darasani. Nimekaa kikundi kimoja na watoto wa miaka 19, wananiita kwa jina langu, jambo lililonipa shida mwanzoni, lakini wananiachia nafasi na kunitumia nukuu za darasani nikiwa zamu. Nyumbani nisingethubutu. Wangesema mama huyu anatafuta nini, si awaachie wanawe.

Utaratibu wa kawaida nauweka kwa ufupi. Fomu ya maombi ya vyuo vikuu vingi vya serikali ni ApplyTexas. Transkripti, yaani rekodi rasmi za matokeo, zinatoka kila chuo ulichowahi kusoma hapa, hata kama ulikaa wiki sita ukaacha. Ukificha kimoja wanaweza kukufuta baadaye. Ukiwa umeishi Texas miezi 12 kwa ukaazi halali unalipa ada ya mkazi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni kwa walio chini ya miaka 22, kwa hiyo wengi wetu haituhusu. Kwa vyuo vingi GPA yako haihami, zinahama krediti tu. Chuo kikuu unaanza na ukurasa mweupe. Na panga kusoma kwao angalau robo ya shahada yote, hawatakupa cheti kwa masomo ya wengine.

Kwa vyeti vya nyumbani, tafuta wakala wa tathmini aliye mwanachama wa NACES, umoja wa mawakala wanaotathmini vyeti vya nje, na omba tathmini ya kozi kwa kozi. Ile ya jumla ni nafuu ila haikupi krediti. Na hapa nizungumze na ndugu tuliowaacha nyumbani, kwa upendo. Transkripti yangu ya chuo ilitoka kwa msajili katika bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri. Shangazi yangu alikwenda kuichukua, akaifungua, akaipiga picha akanitumia WhatsApp, akaniambia, "Mwanangu, nimehakikisha kila kitu kipo." Alitumia nauli yake na siku yake nzima. Lakini bahasha iliyofunguliwa haina thamani tena, ikabidi tuanze upya. Shangazi, baba wadogo, kaka zetu: ukikabidhiwa bahasha ya chuo, usiifungue. Hata kwa nia njema. Na chuo kikikubali kuituma moja kwa moja kwa wakala, waachieni waitume.

Baba mdogo naye alinisihi niache kulalamika, cheti ni cheti, mradi cha Marekani. Namheshimu sana, lakini ndiyo fikra iliyonipeleka ACNT. Cheti si cheti. Watu wa nyumbani wanaona jina la nchi. Ofisi ya hapa inaona herufi nne.

Pesa nayo inaumia pale pale. Ukiwa raia, mkimbizi aliyepokelewa, au mwenye ukaazi wa kudumu, unajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ni bure, na ukishapita miaka 24 hawakuulizi kipato cha wazazi. Humo ndimo unapopatia Pell, ruzuku ya masomo ya serikali kuu. Si mkopo kama wa Bodi yetu, hairudishwi. Kwa mwaka wa masomo 2024–2025 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Lakini ina kikomo cha maisha: mihula 12 ya kusoma kikamilifu, kisha mlango unafungwa. Mimi nilikwisha kula zaidi ya theluthi yake kwenye zile krediti 60, na 39 kati yake hazikuhesabiwa. Nikipiga hesabu, iliyobaki itakwisha pamoja na muhula wangu wa mwisho, kama sitafeli hata somo moja. Hili hakuna aliyenionya, nami nawaonya ninyi: kozi isiyohesabiwa inakula muda wako na inakula Pell yako.

Kwa aliyewahi kudisko kwenye chuo cha hapa zamani, sheria ya Texas ina kitu kinaitwa Academic Fresh Start. Mkazi wa Texas anaweza kuomba masomo ya miaka 10 au zaidi iliyopita yasiangaliwe. Ila yanafutwa yote, mabaya na mazuri. Hesabu kwanza unapoteza nini.

Na kama limekupata lililonipata mimi, usiseme ni Kiingereza chako. Mwaka 2017 GAO, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, ilikadiria kuwa wanafunzi wanaohama hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti. Wengi wao wamezaliwa hapa.

Kinga iliyopo ni mbili. Kwanza, maliza kundi lote la masomo ya msingi, krediti 42, na uhakikishe transkripti imeandikwa kwamba umelimaliza. Vyuo vikuu vyote vya serikali Texas vinalazimika kulipokea zima zima. Pili, chagua chuo kikuu kabla ya kuanza chuo cha jamii, si baada, na uliza huko unakokwenda, si huko unakotoka. Uliza kwa barua pepe, idara yenyewe ya fani yako. Mimi sasa naandika hivi: "Nataka shahada ya uhasibu kwenu. Kozi hii, yenye herufi hizi na namba hii, itahesabiwa badala ya kozi gani yenu katika shahada hiyo?" Sisemi itapokelewa. Nasema itahesabiwa badala ya ipi. Wakikujibu kwa simu, shukuru, kisha waandikie tena uwaombe wathibitishe kwa maandishi, na usijisajili mpaka jibu lije. Majibu yangu nimeyachapisha yote, yako kwenye faili moja na cheti changu cha NECTA.