Ukienda Besakih, wahi asubuhi

Besakih, hekalu mama la Wahindu wa Bali, kisiwa cha Indonesia, liko kwenye mteremko wa mlima Agung, nalo ni mkusanyiko wa mahekalu zaidi ya 20. Mimi hupenda kuwahi, kabla mawingu hayajafunika kilele.

Funga saruni na mshipi kiunoni, mwanamume kwa mwanamke. Panda taratibu hadi Penataran Agung, lililo kuu. Nyua za ndani ni za waumini. Tazama ukiwa nje, na tafadhali usikatize mbele ya anayesali. Hapo tulia uangalie minara ya meru: mapaa ya nyuzi nyeusi, tabaka juu ya tabaka hadi 11, kwa kawaida idadi witiri. Mwaka 1963 Agung ulilipuka, lava ikapita jirani, hekalu likasalimika.