Ukiletewa bomu kwenye mizani ya vyuma chakavu

Nanunua vyuma chakavu wilayani Ngara, upande wa mpaka wa Burundi. Haya nawaandikia kwanza wanunuzi wenzangu, halafu wazazi na wakulima. Huku kwetu hakuna mtu anayetoka nyumbani kwenda kutafuta mabomu. Yanaokotwa na mtoto anayetafuta kilo mbili za chuma apate hela ya daftari au maandazi, na mwisho wa safari yake ni kwenye mizani zetu.

Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga hapahapa Ngara, mwanafunzi aliingia shuleni na kitu alichokiokota akidhani ni chuma chakavu. Lilikuwa bomu. Likalipuka, wanafunzi 5 wakafariki na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Tangu hapo kila gunia linaloshushwa mbele yangu nalitazama kwa jicho jingine, na nataka kila mwenye mizani afanye hivyo.

Mabomu yenyewe yana historia. Kule Missenyi, Kyaka na Mutukula jeshi la Idi Amin liliingia mwaka 1978, na jeshi letu, JWTZ, likapigana kulitoa. Upande wetu kuna miaka ya vita ya Rwanda na Burundi. Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia huku kwetu ndani ya saa 24 tu. Mpaka ni mrefu, vichaka ni vingi, na si kila aliyekuwa na silaha aliikabidhi.

Jifunze kwanza sura zake. Guruneti, yaani bomu la kutupwa kwa mkono, hutoshea kiganjani. Mengine yana mwili wa chuma wenye miraba miraba kama ganda la nanasi, na juu kuna kishikio bapa kilichobanwa na pini. Pini ikioza kwa kutu na kishikio kikafyatuka, una sekunde 3 au 4 tu. Bomu la mota ni nene katikati, limechongoka mbele, na nyuma lina mkia wenye mapezi. Kombora la mzinga ndilo linalotuponza sisi wafanyabiashara: karibu na kitako chake limezungushiwa ukanda wa shaba nyekundu. Shaba ina bei, na mtu akiuona ule ukanda anatafuta nyundo na patasi. Usimruhusu. Ukifika uwanjani kwa mwenzako ukamkuta anaugonga, ondoka mbali kwanza, umwite kutoka huko.

Wengi husema, "Hili limeoza, limekaa ardhini miaka arobaini, litalipuka vipi?" Kinachooza ni chuma na vile vizuizi vya usalama. Baruti iliyomo ndani hukaa miaka mingi bila kuharibika, na kiwashio kikizeeka kinaweza kushtuliwa na mtikisiko mdogo tu. Tena bomu lililorushwa likakataa kulipuka ni baya kuliko lililokuwa ghalani, maana lilishajiandaa kulipuka likiwa hewani. Ujerumani wana mafundi waliosomea kazi hiyo, lakini Juni 2010 mjini Göttingen bomu la Vita Kuu ya Pili liliwaua mafundi 3 wakiwa wanajiandaa kulitegua. Kama limewashinda wao, mimi na wewe na grinda yetu tutaliweza wapi?

Sasa kwenye mizani. Sheria yangu ya kwanza ni kwamba sinunui kwa mtoto, hata akileta sufuria. Sheria ya pili: kitu cha kivita hakina bei kwangu, wala shilingi mia. Kuna wanaosema ni heri ulinunue ulipeleke polisi, utakuwa umesaidia. Mimi sikubaliani nao kabisa. Ukilipa leo, kesho kutwa kijiji kizima kitaingia vichakani kukutafutia mengine. Gunia nalo usilimwage chini kwa kishindo. Mwambie mwenye mali atoe kimoja kimoja taratibu, na wewe utazame.

Ikiwa kijana amefika amelishika mkononi, usipige kelele, usimkimbilie, usimnyang'anye, na usimwambie alitupe. Sauti yako iwe ya kawaida: "Mwanangu, liweke chini polepole, hapo hapo. Liache. Njoo huku kwangu." Akishaliweka, ondokeni wote, na wateja pia, na uwanja ufungwe. Likiwa tayari limo ndani ya rundo, usilichimbue kutaka kuhakikisha. Shaka yako inatosha. Zima gesi ya kukatia kama unaifikia bila kulisogelea bomu, kisha toka. Usimfokee mtoto wala kumtisha kwamba atafungwa. Akiogopa, safari nyingine atalificha chini ya kitanda.

Kwa mkulima: jembe likigonga chuma na umbo usilielewe, simama. Liache jembe pale lilipoangukia. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, njia ile ile uliyoingilia. Ukishafika mbali, weka alama inayoonekana, kitambaa mtini au matawi mawili yaliyopishana njiani, lakini usiende kuchomeka mti karibu na kitu chenyewe. Usilirushie jiwe, usilifukie, usilitumbukize chooni wala kisimani. Na moto wa kusafishia shamba usiuwashe hapo, kwa kuwa joto peke yake linatosha kulilipua. Wanaochimba udongo wa matofali na mashimo ya vyoo, maneno haya ni yenu pia.

Simu piga ukiwa mbali. Polisi ni 112, na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ajue mara moja. Wao watawaita wataalamu wa jeshi. Sema mambo manne: umeona nini, kina ukubwa gani, kiko wapi kwa alama ambazo mgeni atazitambua, na nani wameshakigusa au kukihamisha. Hilo la mwisho watu hulificha kwa hofu, lakini ndilo litakalomwambia mtaalamu alikaribie vipi. Picha piga tu kama unaweza kuipata kutoka ulipo, bila kusogea hata hatua moja.

Halafu weka mtu mzima kila njia inayoingia pale, azuie watoto na mbuzi. Wataalamu wakifika, mwambie kijana aliyeliokota awaelekeze kwa maneno mahali alikolitoa, asiwaongoze kwa miguu. Palipo na moja huenda pana mengine, na wao ndio wa kupakagua.