Namna ya Kuiandaa Baiskeli Nyeusi kwa Safari ya Dodoma hadi Bahi

Baiskeli nyeusi yenye breki za vyuma, ile ile inayobeba madumu ya maji na magunia ya mkaa katika vijiji vya Ugogo, ndiyo ninayomshauri msafiri anayetaka kutoka Dodoma mjini hadi Bahi, kulala usiku mmoja na kurudi. Wengi huicheka kwa uzito wake na kwa kukosa gia. Umbo lake, hata hivyo, lilipatikana Uingereza katika miaka ya 1880 na 1890, wakati barabara zilikuwa za vumbi na kokoto, na karibu kila kifaa kilichomo ni jibu la taabu fulani ya njiani. Ukiijua taabu hiyo utajua pia nini cha kukagua kabla ya kuondoka.

Anza na sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni, kwa kuwa ndizo zitakazoamua kama utarudi umekaa juu ya tandiko au unakokota. Kabla ya cheni kuenea, pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe, kama zilivyo kwenye baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja, hivyo aliyetaka mwendo hakuwa na njia ila kulikuza gurudumu mpaka miguu yake iishie hapo. Thomas Stevens, aliyeondoka San Francisco mwezi wa Aprili 1884 na kumaliza safari yake ya kuizunguka dunia huko Yokohama mwezi wa Desemba 1886, alipanda gurudumu la inchi 50, ambalo lilimsogeza karibu mita 4 kwa kila mzunguko. John Kemp Starley wa Coventry alipotoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, cheni ilipeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma, na tangu hapo mwendo ukategemea hesabu ya meno.

Hesabu hiyo ifanye mwenyewe. Gawanya meno ya sproketi ya mbele kwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mita 2.2, ambao ndio mzingo wa gurudumu la inchi 28. Meno 44 mbele na 18 nyuma yatakupa takriban mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali, kiasi kinachofaa mjini na kwenye mteremko. Mwombe fundi akufungie ya nyuma yenye meno 22, nawe utapata mita 4.4, si mbali na gurudumu la Stevens. Bahi iko bondeni, magharibi ya Dodoma, na katika miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki. Wakati wa kwenda, mteremko na upepo vyote viko upande wako, na wakati wa kurudi vyote vinakukabili. Stevens mwenyewe alitembea kwa miguu zaidi ya theluthi moja ya njia ya kuivuka Marekani, kwa hiyo usione aibu kushuka.

Magurudumu yanadai subira kuliko kifaa kingine chochote. Gurudumu la mkokoteni hubeba mzigo kwa kuukandamiza mti ulio chini, lakini spoku ni waya, na waya haukandamiziki. Gurudumu la baiskeli husimama kwa sababu spoku zote zimevutwa kwa pamoja. James Starley, ami yake John, ndiye aliyepata hataza mwaka 1874 ya kuzipanga spoku zikiwa zimelala na kupishana, ili zihimili msokoto wa pedali badala ya kutoka katikati moja kwa moja kama miale ya jua. Geuza baiskeli, magurudumu yawe juu, kisha gonga kila spoku kwa kijiko: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Shika chaki karibu na rimu huku ukizungusha gurudumu. Chaki itapaka pale rimu ilipojikunja. Kazi ya kunyoosha mwachie fundi, ila ukague tena mbele yake, kisha ufunge spoku nne za akiba kwenye fremu kwa mpira wa tyubu.

Gololi zioshwe kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya, kwa sababu vumbi la Dodoma huingia popote. Pini za krenki, ile mikono inayoshika pedali, nazo zisidharauliwe. Safari yangu ya kwanza niliondoka na pini iliyokuwa ikigonga kidogo tu, na kabla sijafika Nala krenki ya kushoto ilikuwa ikicheza kama jino bovu.

Kuhusu matairi, adui ni mbigili. Mpira mgumu wa zamani haukutoboka, lakini ulimtikisa mpandaji hadi mifupani. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, nasi tukapata starehe pamoja na pancha. Matairi ya mwanzo yaligandishwa kwenye rimu, na kuziba tundu kulichukua saa nyingi, mpaka Michelin walipotoa tairi la kuvuliwa mwaka 1891. Weka utepe wa tyubu kuukuu kati ya tairi na tyubu nzima, chukua tyubu moja ya akiba, viraka, solusheni na pampu. Unapopumzika usiikokote baiskeli kwenye majani makavu, ibebe. Kila unaposimama, kagua matairi na kung’oa miiba kabla haijazama, na kabla ya kurudisha tyubu iliyozibwa pitisha kidole taratibu ndani ya tairi lote, maana mwiba uliobaki humaliza viraka.

Breki za vyuma hukamata rimu kwa upande wa ndani, kwa hiyo rimu iliyopinda huziharibia kazi. Hakikisha raba mbili za kila gurudumu zinagusa kwa wakati mmoja.

Mzigo uwe mdogo. Stevens alichukua soksi, shati la akiba, koti la mvua alilolitumia pia kama hema na tandiko la kulalia, na bastola. Ya mwisho haikuhusu. Badala yake chukua maji lita 5, na uyafunge chini kabisa ya keria kwa mpira wa manati ili usukani usiyumbe. Misafara ya Bagamoyo ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, ilipopita Ugogo, na visima vilikuwa sehemu kubwa ya mapatano hayo; kiangazi cha huku hakijabadilika sana.

Ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukiwa na kama kilomita 60 mbele yako. Lami hiyo hupitwa na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Ukiona mawili yanakaribia kupishana, teremka pembeni bila kungoja honi. Ukifika Bahi tafuta chumba mapema, ule wali wa mpunga wa huko, ulale. Kesho yake ondoka alfajiri vilevile, kwa kuwa upepo huanza kuwa mkali kuanzia saa nne. Ukikushinda, simamisha basi, na upatane nauli ya mzigo na kondakta kabla baiskeli haijapandishwa juu.